Namna ya Kupima Tozo ya Simu Kabla ya Kuilalamikia

Mfanyabiashara wa viazi wa Uyole au Mwanjelwa, jijini Mbeya, anayetaka kujua iwapo makato ya miamala ya fedha kwa simu yanamuumiza, aanze na simu yake mwenyewe kabla ya kusikiliza mabishano ya kijiweni. Chukua ujumbe wa miamala ya mwezi mzima, kisha andika katika daftari, kwa safu tatu, kiasi kilichotumwa au kutolewa, ada ya kampuni na tozo ya Serikali, kwa kuwa watu wengi huilaumu Dodoma hata kwa fedha zilizochukuliwa na kampuni ya simu.

Jumla ya safu ya tatu ilinganishe na faida, si mauzo. Hapo ndipo kasoro ya sera hii, kwa maoni yangu, huonekana wazi: tozo hufuata mwendo wa fedha, hivyo aliyeuza kwa hasara hukatwa sawa na aliyepata faida nono.

Tumia viwango vya sasa, kwa kuwa vimekuwa vikibadilika. Tozo ilipoanza Julai 15, 2021 ilikuwa kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala, na Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30 baada ya malalamiko ya wananchi.

Daftari likikamilika, mpelekee mbunge wako nakala kabla ya Juni, mwezi ambao Bunge hujadili bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai 1.