Wifi ya watu wengi: namna ya kufanya simu zisikatike mtu akituma video

Sisi hapa Bukavu, mu parsele yetu ya Nguba, tunachanga laini moja watu kumi na mbili, na kila usiku story ni ile ile: mtu mmoja anatuma video, basi mama mwenye nyumba anaongea na mtoto wake wa Lubumbashi na sauti inatoka kama roboti. Nilipoteza wiki nzima nikigusa gusa ruta, kumbe nilikuwa natengeneza mahali hapana shida.

Kwa hiyo pima kwanza. Kwenye kompyuta acha ping mbili zinaenda (ping ni amri ya kupima paketi inachukua milisekunde ngapi kwenda na kurudi), moja kwa ruta yako (mara nyingi ni 192.168.1.1 ao 192.168.0.1) na ingine kwa 8.8.8.8, seva ya Google huko nje, halafu mwambie mtu atume video kubwa. Kwetu ruta ilibaki milisekunde 3 ama 4, ya nje ikatoka 70 ikapanda mpaka 1400! Hapo ujue hewa, yaani wifi yenyewe, iko sawa, foleni ndio imejaa kwa modemu, paketi za simu zinangoja nyuma ya video. Kama ping ya ruta yenyewe njo inapanda, basi shida iko kwa wifi, ruka mpaka chini.

Watu wengi wanakimbilia WMM, chaguo moja la wifi ndani ya ruta. Hiyo inagawa trafiki mafungu manne, sauti, video, ya kawaida, na ile isiyo na haraka, na sauti inapata kungoja kidogo kabla ya kurushwa hewani. Ni hewani tu lakini, foleni ya modemu haiihusu hata kidogo, na tena paketi lazima iwe na alama ya kusema mimi ni sauti, alama ambayo mara nyingi inafutwa njiani. Iache tu imewashwa. Fundi mmoja aliniambia niizime ndio speed iongezeke, nikazima, wifi yote ikaanguka kwa mega 54 juu wifi ya aina ya N haipandi zaidi bila WMM.

Dawa yenyewe ni kuleta foleni kwako. Ukipunguza speed kidogo chini ya ile laini inabeba, modemu haijai, foleni inabaki kwa ruta yako na ruta ndio inaamua nani apite. Kama ruta inakubali OpenWrt (programu ya bure inayochukua nafasi ya ile ya kiwandani), weka luci-app-sqm, kipande chake cha kupanga foleni, chagua interface ya wan, kwa foleni chagua cake na piece_of_cake, halafu andika asilimia 85 ya speed uliyopima. Sisi tunapata 8 mega kushuka na 2 kupanda, kwa hiyo 6800 na 1700, ni kilobiti ile. Pima usiku wakati mtaa wote uko online, si saa kumi ya asubuhi, zaidi sana kama laini yako ni ya 4G juu hiyo inapanda na kushuka vile inataka. Halafu kwenye chaguo za ndani kabisa ongeza nat dual-dsthost kwa kushuka na nat dual-srchost kwa kupanda, hapo mwenye kufungua download ishirini anahesabiwa mtu mmoja kama wengine. Ruta za bei ndogo ziko na QoS (mpangilio wa nani apite kwanza) ya kawaida tu, weka hiyo limiti ya jumla, si safi kama cake lakini inasaidia.

Sasa wale ambao ping ya ruta ndio inapanda, shida yao iko hewani. Simu iko mbali nyuma ya kuta mbili ikishika 6 mega, paketi moja kubwa inakula milisekunde 2 hivi, ya karibu kwa mega 65 haifiki hata 0.2, na wakati huo wengine wote wanangoja. Sogeza ruta katikati, walio karibu wahamie wifi ya 5 GHz, kwa ile ya 2.4 GHz tumia chaneli 1, 6 ao 11 na upana wa MHz 20.

Rudia ile ping na video. Kwetu sasa haipiti 100, mama anaongea mpaka anachoka. Kijana wa chumba cha nyuma ndio bado ananuna eti speed test yake imeshuka, nimemwambia akanunue laini yake.