Soketi Isiyotoa Umeme na Fyuzi Iliyoungua: Namna ya Kutafuta Chanzo

Soketi inapoacha kutoa umeme, watu wengi hukimbilia kununua fyuzi au kuita fundi kabla ya kujiuliza kama soketi hiyo imekufa peke yake au imekufa pamoja na sehemu nyingine ya nyumba. Swali hilo lingepunguza nusu ya kazi, kwa sababu hitilafu inaweza kuwa kwenye kifaa, kwenye soketi yenyewe, kwenye njia moja ya nyaya au kwenye umeme wa mtaa mzima, na kila moja hutafutwa mahali pake.

Kwa hiyo washa taa kwanza. Ikiwa hakuna kinachowaka nyumba nzima, tazama kwa majirani. Kama kwao kunawaka, angalia mita, hasa ile ya kulipia kabla, ambayo salio likiisha hukata umeme bila kumwonea mtu haya. Ikiwa taa zinawaka lakini soketi kadhaa zimekufa kwa pamoja, nenda moja kwa moja kwenye ubao wa swichi kuu. Ikiwa iliyokufa ni soketi moja tu, hakikisha kwamba swichi yake ndogo haijazimwa, kisha chomeka taa ya mezani ambayo dakika hiyo hiyo umeijaribu kwenye soketi nyingine ikawaka. Nasisitiza kuijaribu kwanza, kwa kuwa mimi mwenyewe niliwahi kupoteza mchana mzima nikiilaumu soketi, kumbe chaja niliyokuwa naipimia ndiyo iliyokuwa mbovu.

Ikiwa taa imewaka, soketi ni nzima na kosa liko kwenye kifaa au kwenye plagi yake. Plagi za pini tatu bapa huwa na fyuzi ndogo ndani, na hapo ndipo pa kuanzia. Chomoa plagi kwenye soketi, legeza skrubu kwa bisibisi, fungua kifuniko na utazame kabla ya kugusa. Fyuzi imekaa upande wa waya wa moto, ambao kwa rangi za sasa ni wa kahawia. Wa bluu ni nyutro, yaani wa kurudishia umeme, na wenye kijani na manjano ni wa ethi, yaani wa ardhini. Vuta kila waya kidogo kwa vidole uone kama skrubu imeushika. Ukikuta uzi mmoja wa shaba umechomoza na kugusa waya wa pili, umeshampata mhalifu. Ukiona plastiki imeyeyuka au imegeuka rangi kuzunguka fyuzi, jua kwamba mshiko ulikuwa umelegea na kupata joto, na plagi hiyo inafaa kutupwa, hata kama fyuzi yake bado ni nzima.

Fyuzi ya kioo husomeka kwa macho: kioo kikiwa kimetapakaa weusi, iliungua ghafla kwa shoti; waya ukiwa umekatika tu na kioo kikabaki safi, mara nyingi ni mzigo uliozidi kiasi. Fyuzi ya kauri haionyeshi kitu, hivyo ipime kwa multimita, kile kifaa kidogo cha mafundi cha kupimia umeme, ukiwa umeitoa kwenye plagi: fyuzi nzima husoma karibu na omu 0. Badala ya ile iliyoungua, weka yenye ampea zile zile zinazotakiwa na kifaa. Hesabu yake si ngumu, kwani wati ukizigawanya kwa volti unapata ampea. Kwa umeme wa volti 230, taa ya mezani au redio hutosheka na fyuzi ya ampea 3, ilhali birika la wati 2,200 huvuta ampea zinazokaribia 10 na huhitaji fyuzi ya 13. Fyuzi mpya ikiungua mara tu unapowasha, usiweke ya tatu. Kuna shoti ndani ya kifaa au kwenye waya wake. Kuzungushia fyuzi karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara au kuweka msumari mahali pake ni kuuondoa ulinzi wa waya wa kifaa, na kitakachoungua safari inayofuata ni waya huo wenyewe.

Tukirudi kwenye ubao wa swichi kuu, breka, yaani swichi inayojizima yenyewe umeme wa njia yake ukizidi, ikiruka mara nyingine husimama katikati, na ukiisukuma upande wa kuwasha haishiki. Ishushe kwanza hadi mwisho wa upande wa kuzima, ndipo uirudishe. Isiposhika, chomoa vifaa vyote vya njia hiyo, irudishe tena, kisha chomeka kimoja baada ya kingine huku ukisubiri kidogo kila mara. Kile kitakachoirusha ndicho chenye kosa. Breka isiyokaa hata soketi zote zikiwa tupu inaonyesha tatizo la nyaya zenyewe. Kama kinachoruka ni swichi ya kinga yenye kitufe cha kujaribia, umeme unavuja mahali fulani, mara nyingi kwenye kifaa chenye maji au unyevu, na kiwango cha kuirusha kwa kawaida ni miliampea 30 tu, kwa hiyo usiilaumu kwa wepesi wake. Utafutaji ni ule ule wa kuchomeka kimoja kimoja.

Kuna pia breka inayoruka baada ya nusu saa, kila siku wakati ule ule wa jioni. Hapo mzigo umezidi: hita ya wati 2,000 na birika la wati 2,200 zikichomekwa kwenye ekstensheni moja huvuta zaidi ya ampea 18 kwenye waya uliokusudiwa 13. Gawanya vifaa kwenye soketi za njia tofauti, na tatizo litakwisha bila kununua chochote.

Soketi yenyewe ikiwa ndiyo iliyokufa, na breka zote zimesimama sawa, uwezekano mkubwa ni waya uliochomoka nyuma yake. Weka mikono kando kwanza kama soketi ina doa la kuungua, ni ya moto ikiguswa, inatoa mlio au inanuka plastiki. Zima swichi kuu na uite fundi umeme. Mwambie ni soketi ipi, ni breka ipi iliyoruka, ni kifaa gani kilichokuwa kimechomekwa na ni vipi ulivyokwisha kuvijaribu, ili asianze upya kutafuta ulichokwisha kukipata.