Feni za jineri zinakula umeme bure: anza na matundu, malizia na puli

Wenye jineri (viwanda vya kuchambua pamba) huku Kanda ya Ziwa, bili ya msimu ikija watu wanalaumu mashine za kuchambua wakati feni za kunyonya na kupuliza peke yake zinaweza kufika karibu nusu ya umeme wote wa kiwanda.

Kwanza ziba matundu. Washa feni bila pamba, shika uzi mwembamba upitishe kwenye kila kiungo cha paipu upande wa kunyonya, ukivutwa ndani hapo panavuja (usitumie moshi wala kiberiti, hiyo ni pamba jamani). Angalia sana raba za vali inayozunguka chini ya separeta (chombo cha kutenganisha pamba na hewa) maana zikiisha hewa inaingilia hapo badala ya kwenye mdomo wa paipu, pamba inakuja kivivu, halafu fundi anakwambia ongeza mota. Kataa.

Pili pima mwendo wa hewa. Chukua kipaipu cha shaba cha friji, kunja L, mdomo uelekee hewa inakotoka, ukiunge upande mmoja wa mpira wa kuona ndani wa umbo la U wenye maji, upande wa pili uunge kwenye kitundu kidogo ubavuni mwa paipu. Maji yakitofautiana milimita 38 hewa iko kama mita 25 kwa sekunde, ikiwa 55 ni kama mita 30. Pamba mbegu (ambayo bado haijatolewa mbegu) kati ya mashine na mashine inatosha 20 hadi 25, ile ya kunyonya toka stoo ndo inataka 28 hadi 30.

Ukikuta 30 pasipohitaji, usibane tu damba (kilango cha kupunguza hewa kwenye paipu), badilisha puli ya mota. Toka milimita 240 kwenda 200 mwendo unashuka hadi 25, na kwakuwa umeme wa feni unafuata kipeo cha tatu cha mwendo, unabaki na asilimia 58 hivi. Ila shuka kwa hatua, na jaribu na pamba yenye unyevu ya asubuhi, hiyo ndo inayoziba.

Mbegu nazo, kama umbali ni mfupi weka skrubu konveya (parafujo kubwa inayozunguka na kusukuma mbegu), kuzipuliza ni anasa.

Na pamba ikiacha kuja zima feni, msidhani inapumzika, ikivuta hewa tupu mota mara nyingi inakula ampea nyingi zaidi, bana mita ya ampea kwenye waya muone wenyewe.