Kufunga shokapu za resi za zamani kwenye Datsun 240Z
Hii ndo gari iliyobeba ushindi wa Safari Rally 1971 na 1973, kwahiyo vifaa vya resi vipo ila vimezeeka, ukiona ufa au oili inavuja achana navyo. Weka stendi, usitegemee jeki tu jamani. Mbele kazi ndogo ila springi usiifungue bila kompresa ya springi (kile kifaa cha kuibana), inaruka na meno yako. Balaa liko nyuma, ile pini ndefu ya mkono wa chini (ule unaoshika gurudumu) huwa imeganda na kutu, mwagia oili ya kulegeza siku mbili tatu kabla, toa kwanza kipini kinachoifunga katikati, alafu rudishia nati ndo ugonge, ukipiga nyundo kavukavu nyuzi zimekufa. Bushi za mpira kaza gari likiwa limesimama kwa matairi yake, kisha peleka alaimenti, magurudumu yanyooshwe.