Kuijua reggae na dub kwa kufuata vipindi: njia ninayoitumia mashuani

Kazi yangu ni kutembeza wageni kwa mashua hapa Lamu, Shela hadi Manda, na maji yakikubali hadi Kipungani. Muziki ni sehemu ya kazi hiyo. Kwa miaka mingi nilikuwa na nyimbo za Bob Marley kama thelathini kwenye memori kadi, nazizungusha tu, mpaka baharia wangu akawa anauanza wimbo unaofuata kabla spika haijauanza. Siku moja mzee mmoja wa Kiingereza aliyeketi tezi akaniuliza kwa upole, "Nahodha, reggae yako ndiyo hiyo tu?" Niliona haya, kwa sababu jibu lilikuwa ndiyo.

Kosa langu nililijua baadaye. Nilikuwa natafuta nyimbo. Ukiuambia mtandao "reggae", utakuletea zile zile ambazo kila mtu anazo. Nilipoanza kutafuta watu, yaani watangazaji na maselekta (wachagua santuri) wanaoziishi santuri zao, ndipo mlango ulipofunguka. Basi nakueleza nilivyofanya, kutoka reggae hadi dub, yaani reggae iliyoondolewa mwimbaji ikabaki ngoma na besi.

Hatua ya 1: Pakua nyumbani, sikiliza baharini

Usijaribu kusikiliza mtandaoni ukiwa kwenye chombo. Mimi nilijaribu. Bando likaisha katikati ya mkondo wa Manda, simu ikaanza kula salio nililoliweka kwa ajili ya kupigia wateja, kisha mtandao wenyewe ukapotea. Wageni sita wakabaki wananitazama.

Tafuta programu ya podikasti inayoweza kupakua. Natumia AntennaPod, ya simu za Android, kwa sababu ni ya bure na haina matangazo. Ingia kwenye mipangilio, uiambie ipakue kwa Wi-Fi peke yake. Hesabu yenyewe ni nyepesi: kipindi cha saa moja chenye ubora wa 128 kbps kinachukua karibu MB 58, cha saa mbili MB 115. Vipindi kumi vya saa mbili ni GB moja na kidogo, na kadi ya GB 32 utaijaza kwa miezi. Kwenye tovuti ya Mixcloud nako kuna maselekta wengi wa reggae, ila naitumia nikiwa nyumbani.

Hatua ya 2: Chagua mtu

Hapa usiwe na haraka. Sikiliza vipindi vitatu vinne vya watu tofauti, kisha umchague anayezungumza. Simaanishi anayepiga kelele juu ya wimbo. Namaanisha anayekwambia nani kaimba, nani katayarisha, imetoka studio gani, mwaka gani. Michanganyo ya saa moja isiyo na neno hata moja ni mizuri kwa kupikia, lakini haikufundishi kitu.

Nilianza na David Rodigan. Ni Mwingereza aliyeingia BBC Radio London mwaka 1978, mwaka uliofuata akahamia Capital Radio, na amekuwa akipiga reggae redioni miongo yote hiyo. Ana furaha ya mtoto aliyepewa embe, na hachoki kutaja majina. Kutoka kwake nilirudi nyuma kwa Mikey Dread. Huyu alikuwa fundi mitambo wa redio ya taifa ya Jamaica, JBC, akapewa saa za usiku wa manane mwishoni mwa miaka ya 1970. Wakati huo redio za kwao wenyewe zilikuwa zinapenda zaidi miziki ya nje. Yeye akapiga ya nyumbani, na dub, na vibwagizo vya vituko alivyovitengeneza mwenyewe. Kipindi kiliitwa Dread at the Controls, na rekodi zake bado zinazunguka mtandaoni. Sauti inakwaruza kama kaseti iliyosahaulika juani, lakini utajua redio inaweza kufanya nini ikipata mwenyewe.

Wa karibu ni Ghetto Radio ya Nairobi, 89.5, wanaozungumza Sheng. Kule utapata zaidi kinachovuma mitaani kuliko historia.

Hatua ya 3: Daftari

Daftari la karatasi, tafadhali. Simu yenye maji ya chumvi haiandikiki. Kila wimbo ukikugusa, andika dakika tu, kwa mfano "kipindi cha 4, dakika 37". Usikatize kipindi kutafuta jina. Jioni rudi kwenye dakika ile, msikilize mtangazaji atakavyoutaja, uandike mambo manne: mwimbaji, mtayarishaji, studio, ridimu (hiyo naieleza hatua inayofuata). Zile programu za kutambua nyimbo zitakudanganya mara kwa mara, kwa sababu nitakazozieleza sasa hivi.

Hatua ya 4: Fuata ridimu

Hili ndilo lililonichelewesha kuielewa reggae. Jamaica, ngoma na besi za wimbo mmoja zinaweza kubebwa na waimbaji kumi, hamsini, zaidi. Msingi huo ndio wanaouita ridimu, na una jina lake mwenyewe. Ndiyo maana programu za kutambua nyimbo zinachanganya. Mfano: kundi la Sound Dimension, pale Studio One ya Coxsone Dodd, lilirekodi Real Rock mwishoni mwa miaka ya 1960. Ni muziki mtupu, hauna mwimbaji. Miaka ikapita, Willie Williams akaimba juu yake Armagideon Time, na wengine wengi kabla na baada yake wakaupanda ule ule. Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kushangaa, bahari moja inabeba majahazi mengi.

Kwa hiyo mtangazaji akikwambia "hii ni Real Rock", usiandike jina la wimbo ukaishia hapo. Tafuta wengine watano waliopanda ridimu hiyo, uwasikilize mfululizo. Hapo sikio linaacha kumfuata mwimbaji, linaanza kuifuata besi. Bila hilo usiende hatua inayofuata, utasema dub inachosha.

Hatua ya 5: Shuka kwenye dub

Wanasimulia kwamba mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960, Ruddy Redwood, mwenye saundi sistimu (mitambo na spika kubwa za kupigia muziki dansini) huko Spanish Town, alitengenezewa santuri na fundi akasahau kutia sauti za waimbaji. Ruddy akaipiga hivyo hivyo, na watu ukumbini wakaimba wenyewe. Tangu hapo upande wa pili wa santuri ukawa wa muziki bila mwimbaji.

Aliyeugeuza upande huo kuwa dub hakuwa mpiga ala. King Tubby, jina lake Osbourne Ruddock, alikuwa fundi wa redio na amplifaya mjini Kingston, wale wanaokaa na redio iliyofunguliwa tumbo mezani. Alichukua tepu ya wimbo uliokwisha kurekodiwa, akamwondoa mwimbaji, akabakisha ngoma na besi, kisha akarudisha vitu kidogo kidogo vikiwa vimeloa mwangwi. Aliuawa kwa risasi mwaka 1989.

Jaribu hivi. Vaa hedifoni, chagua dub moja ya Tubby, usifanye jambo jingine. Neno moja la mwimbaji linaingia, linakatwa kabla halijaisha, mkia wake unajirudia na kufifia. Ukitaka kuujua mwangwi huo, simama kichochoro chembamba cha Mkomani mchukuzi anapopigia punda kelele "pisha!" Sauti inagonga kuta, inakwenda, inarudi ikiwa nyembamba. Gitaa linachomoza, linapotea. Besi peke yake haiondoki. Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mimi siku niliyoielewa dub ndiyo siku niliyouelewa msemo huo.

Spika ya simu haifai kabisa. Waya mnene wa gitaa la besi unatoa sauti ya Hz 41, na kispika kile hakifiki huko, kwa hiyo unasikia dub iliyoondolewa dub. Spika yangu niliitoa kwenye mlingoti nilikoitundika, nikaikalisha juu ya mbao chini. Mbao zikaanza kuisaidia. Sasa wageni wanaisikia besi kwa nyayo kabla ya masikio.

Baada ya Tubby, tafuta vipindi vinavyomhusu mtayarishaji Lee Perry na studio yake ya Black Ark, kisha melodika (kinanda kidogo cha kupuliza) ya Augustus Pablo, kisha Scientist aliyejifunza kazi kwa Tubby, halafu vuka hadi London kwa mtayarishaji wa dub Mad Professor. Ukianzia kwa huyu wa mwisho si dhambi, ila utayakuta mengi hujui yametoka wapi.

Hatua ya 6: Redio ya moja kwa moja, na hesabu ya saa

Hii ni ya jioni ukiwa na mtandao wa uhakika. IRIE FM ya Ocho Rios ilianza mwaka 1990 kama kituo cha reggae tupu, na inasikika mtandaoni. Sisi tumewatangulia Jamaica kwa saa nane mwaka mzima. Kipindi chao cha saa mbili usiku kinatufikia saa kumi alfajiri, wavuvi wanaokwenda baharini ndio watakaofaidi. London ni saa tatu nyuma yetu majira yao ya baridi, saa mbili wakati wa joto. Nimekosa vipindi viwili kwa kusahau hilo.

Jumamosi saa nne usiku, Jamaica saa nane mchana, nimeshafunga mashua na niko barazani. Sikio moja nimelitia hedifoni, jingine nimeliacha wazi kwa ajili ya mama, maana akiita mara mbili bila kuitikiwa, hiyo redio nitaikuta kwa jirani.