Kabla ya kwenda kunywa glukosi kliniki

Mjamzito akiambiwa arudi kati ya wiki ya 24 na 28 apimwe kisukari cha mimba, mawazo yote hukimbilia sahani: wali upungue, soda iachwe, maandazi yasahaulike. Chakula kina nafasi yake, ila mimi ningeanza kukagua kitanda.

Kuanzia katikati ya mimba, kondo la nyuma hutoa homoni zinazoufanya mwili wa mama uitikie kwa uvivu insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, ili sukari ibaki kwenye damu na mtoto apate fungu lake. Kongosho huongeza insulini, na kwa wengi hiyo hutosha. Isipotosha, sukari hupanda. Kukosa usingizi nako hudhoofisha insulini, kwa hiyo mzigo unakuwa juu ya mzigo. Tena huamsha njaa: mwaka 2004 huko Chicago, katika utafiti, vijana 12 waliruhusiwa kulala muda wa saa 4 tu kwa usiku mbili. Ikilinganishwa na walipolala vya kutosha, leptini, homoni ya shibe, ilikuwa chini kwa asilimia 18, na grelini, ya njaa, juu kwa asilimia 28. Wakatamani vitamu na vyakula vya wanga. Walikuwa wanaume wote, kama kawaida ya tafiti! Lakini hata kwa wajawazito, wanaolala chini ya saa 6 wameonekana kupata kisukari cha mimba zaidi.

Basi wiki tatu hivi kabla ya kipimo, tafuta kinachokuamsha. Kama ni mkojo, kunywa maji yako mchana, upunguze baada ya magharibi. Kama ni kiungulia, kula saa moja usiku badala ya saa tatu, na inua upande wa kichwani. Miguu inayotambaa na kukataa kutulia huweza kuashiria upungufu wa madini ya chuma: iseme kliniki, na vidonge vya kuongeza damu usivimeze na chai, maana chai huzuia chuma kufyonzwa.

Kukoroma ndiko kunakofichwa. Wanawake huona aibu, na mhudumu mwenye foleni ndefu huenda asiulize. Muulize mwenzako wa chumbani: je, nimeanza kukoroma tangu nipate mimba? Hushtuka kama ninayekabwa pumzi? Jibu likiwa ndiyo, litaje mwenyewe, kwa sababu hali hiyo huandamana na shinikizo la damu na kisukari cha mimba.

Siku tatu za mwisho kula kawaida yako, wanga ukiwemo. Kujinyima ghafla huweza kuvuruga majibu, na hapo utakuwa umejidanganya mwenyewe. Usiku wa kuamkia kipimo hakuna kula kwa muda wa saa 8 hadi 14, maji tu. Kwa hiyo usikeshe kwenye simu huku njaa inakusemesha. Ukifanya kazi za usiku, panga siku isiyofuata zamu.

Uliza mapema kituo chako kinapimaje, kwani si vyote vinafanya kipimo kizima. Kizima ni hivi: damu ukiwa na njaa, unakunywa gramu 75 za glukosi, kisha damu tena baada ya saa 1 na saa 2. Kufika 5.1, 10.0 au 8.5 (milimoli kwa lita, mmol/L) kwa mfuatano huo, hata mara moja tu, huhesabiwa kisukari cha mimba. Katikati utakaa umetulia, bila kwenda sokoni. Ukitapika, sema papo hapo. Beba chakula cha kula ukimaliza na, ikiwezekana, mtu wa kukusindikiza, maana kichwa huzunguka.

Kuanzia wiki ya 28 lala ubavu, wowote ule, tangu unapoanza kusinzia. Ukiamka umejikuta chali, usiogope. Geuka, ulale tena.