Kwenda Ushelisheli: viza hakuna, makaratasi yapo

Dada yangu anaishi Mahé, kisiwa kikuu cha Ushelisheli, na nimemfuata huko kutoka Mombasa mara tatu. Kila nikirudi majirani huniuliza viza nililipa ngapi. Sikulipa. Ushelisheli haidai viza kwa raia wa nchi yoyote. Wengi wakisikia hivyo hubweteka, wakaja kukwama uwanjani na mabegi yao.

Anza na chanjo ya homa ya manjano, hata kabla ya tiketi. Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye ugonjwa huo, kwa hiyo kadi ya manjano ni lazima, na huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano. Safari yangu ya kwanza nilichanjwa Jumatatu, Jumapili nikaenda kupanda ndege. Binti wa kaunta alifungua kadi, akahesabu kwa vidole, akanirudishia begi. Siku 6! Nililia palepale, na nauli ikapotea. Basi ukichanjwa, usitoke kliniki kabla ya kuisoma kadi yako: jina lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi, tarehe isomeke, muhuri utokee wote. Ukishakuwa nayo itunze, maana tangu 2016 chanjo moja inatambuliwa maisha yako yote.

Pasipoti nayo isiishe muda ukiwa huko. Mimi siondoki ikiwa imebakisha chini ya miezi 6, kwa sababu mashirika mengi ya ndege hulitazama hilo.

Kisha omba kibali cha kusafiria mtandaoni, kwenye tovuti ya serikali yao. Kina ada yake. Jihadhari na tovuti za madalali, zinafanana nayo na bei yao iko juu. Picha ya ukurasa wa pasipoti ndiyo iliyonisumbua: taa ya dari iling'aa juu ya plastiki, ikafuta nusu ya namba, ombi likarudi. Niliipiga upya mchana, karibu na dirisha, bila flashi, ikapita.

Chapisha tiketi ya kurudi, uthibitisho wa mahali utakapolala, na stetimenti ya benki. Wanataka uwe na dola 150 kwa kila siku. Siku 7 ni dola 1,050. Kwa kuwa mimi hufikia kwa dada, hubeba barua yake yenye anwani na namba ya simu. Usitegemee simu, chaji huisha.

Ukifika, afisa wa uhamiaji hukupa kibali cha mgeni bila malipo. Hakiruhusu kazi, hata ya wiki moja, na dada amewaona waliojaribu wakirudishwa. Muhuri wao una umbo la coco de mer, ile nazi kubwa ya kisiwa cha Praslin. Ukiinunua nazi yenyewe, dai cheti chake kwa muuzaji, la sivyo utanyang'anywa wakati wa kutoka.